Jiwe la Ukumbusho na Majina Yasiyoandikwa: Vita ya 1914–1918, Hospitali Zake na Wapagazi wa Mpaka Wetu

Utangulizi



Kamati ya Maandalizi ya Jubilei iliponiomba niandike sura hii, ilinikabidhi swali lililotoka katika Baraza la Wazee. Je, katika mwaka huu wa kutimiza miaka mia moja, inafaa Usharika usimamishe jiwe la kuwakumbuka watu wa eneo letu waliopotea katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, hasa wale waliofia katika hospitali za jeshi bila ndugu kuwa karibu nao? Na iwapo jiwe litasimamishwa, liandikwe nini?

Msomaji wa Biblia atakumbuka habari ya mawe kumi na mawili yaliyotolewa katika mto Yordani, katika sura ya nne ya Kitabu cha Yoshua. Mawe yale yaliwekwa ili watoto wayaone na kuuliza maana yake, nao wazazi wawe na jambo la kuwajibu. Jiwe humfanya mtoto aulize, lakini jibu hutoka kinywani mwa mzazi. Kwa sababu hiyo, mzazi asiye na jibu la kweli hana budi kutafuta jibu kwanza, ndipo atafute jiwe. Sura hii ni jaribio la kulitafuta jibu hilo.

Mpaka ulipowaka moto

Mpaka wetu na nchi ambayo leo ni Zambia ulichorwa mezani huko Ulaya. Katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani na Uingereza zilikubaliana kugawana nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na ile iliyoitwa Barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha maziwa hayo mawili, ikabaki upande wa Waingereza. Wanyamwanga wakajikuta wamegawanyika. Shamba la mtu likawa katika dola moja, na nyumba ya shemeji yake katika dola nyingine. Kwa miaka ishirini na minne mstari huo ulivukwa kwa miguu na watu waliokwenda arusini, msibani na sokoni.

Vita ilipotangazwa Agosti 1914, mstari huo ukageuka kuwa uwanja wa mapigano. Mapema Septemba Wajerumani waliushambulia mji wa Abercorn, ambao leo unaitwa Mbala, na tarehe 9 Septemba yakatokea mapigano makali ya Karonga, kando ya Ziwa Nyasa. Mwaka 1915 ngome ya Saisi, mashariki ya Abercorn, ilishambuliwa mwezi Juni, na tena ikazingirwa kuanzia mwisho wa Julai hadi mwanzo wa Agosti.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1916. Jenerali Edward Northey alipewa uongozi wa majeshi ya Waingereza katika mpaka huu, na tarehe 25 Mei 1916 aliyavusha kwa njia nne kwa wakati mmoja, kati ya Nyasa na Tanganyika. Ngome za Wajerumani za Luwiwa na Namema, zilizokuwa karibu na mpaka, zilizingirwa, na walinzi wake wakapenya na kutoroka. Mwisho wa mwezi huo Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Bismarckburg, yaani Kasanga, ilitwaliwa tarehe 8 Juni, na Iringa tarehe 29 Agosti. Kwa hiyo watu wa ukanda huu walilala usiku mmoja chini ya bendera ya Mjerumani na kuamka chini ya ile ya Mwingereza. Hakuna aliyewauliza. Wazee wetu husema kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi, nasi hapa tulikuwa nyasi za pande zote mbili.

Jeshi lililotembea juu ya vichwa vya watu

Ili kuielewa habari ya hospitali, yatupasa kwanza kuielewa habari ya mizigo. Katika nchi yetu ya kusini-magharibi hapakuwa na reli. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa uletwao na mbung'o. Magari yalikuwa machache, na masika yalizifanya njia kuwa matope. Shehena zilizotoka kwenye reli za kusini zilisafirishwa sehemu ya njia kwa mitumbwi, kupitia Luapula, maji ya Bangweulu na mto Chambeshi, na sehemu iliyobaki zilibebwa na watu. Kila risasi iliyopigwa, kila kopo la nyama aliloletewa ofisa na kila chupa ya dawa vilifika vikiwa juu ya kichwa cha mtu.

Watu hao waliitwa wapagazi. Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini waliitwa pia mtengatenga. Waingereza peke yao waliandikisha zaidi ya wapagazi milioni moja katika vita ya Afrika Mashariki, wakitoka katika makoloni mbalimbali, na Wajerumani nao walichukua wengi. Waliokufa upande wa Waingereza hukadiriwa kuwa karibu 95,000, ingawa idadi iliyoandikwa rasmi wakati ule ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Wapo waliokwenda kwa ajili ya mshahara. Wengi walitakiwa na machifu na majumbe wao, ambao nao walikuwa wametakiwa na maofisa.

Wapagazi wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, nimonia, malaria na ndui. Sababu mojawapo ilikuwa chakula. Mpagazi alifika kambini jioni akiwa amechoka, akapewa unga wa mahindi, wakati sufuria hazitoshi, kuni zimelowa na muda wa kupika ni mfupi. Wengine walitoka katika makabila yaliyozoea ulezi, ndizi au mtama. Ugali usioiva, ukiliwa siku baada ya siku na mtu mwenye baridi na uchovu, uliharibu matumbo, na tumbo lililoharibika likafungua mlango wa kuhara damu. Mama yeyote wa hapa Chitete angaliweza kumweleza jenerali jambo hilo. Madaktari wa jeshi walilitambua baada ya watu wengi kuwa wamekwisha kufa.

Hospitali za mawe na hospitali za majani

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mshirika mmoja mgonjwa hadi Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Nikiwa nimeketi katika varanda nikisubiri, niliyatazama majengo yale ya kale yanayoelekea bahari. Hospitali hiyo ilijengwa na serikali ya Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897. Daktari mashuhuri Robert Koch alifanya utafiti mjini humo katika miaka ya 1897 na 1898. Ilikuwa hospitali ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali nyingine, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Waingereza waliutwaa mji mwezi Septemba 1916, na hospitali ile ikaendelea kuwa ya Wazungu chini ya watawala wapya. Leo mgonjwa wa Momba hulala katika wodi ambayo babu yake asingeruhusiwa kulazwa, nami nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Ndipo nilipojiuliza: wapagazi waliougua katika barabara za kwetu walilazwa wapi?

Hospitali nyingi za vita ile zilikuwa mahema, au mabanda ya miti na majani yaliyojengwa kwa siku chache kando ya njia. Mgonjwa alibebwa kwa machela na wapagazi wenzake, kutoka kituo hadi kituo, hadi afike kwenye hospitali kubwa zaidi, akijaliwa kufika. Wagonjwa walitengwa kwa rangi na kwa cheo: Wazungu mahali pao, Wahindi mahali pao, askari Waafrika mahali pao, na wapagazi mwisho. Hospitali za wapagazi ziliongezwa na kuboreshwa hasa katika mwaka 1917, vifo vilipokuwa vingi kiasi cha kuhatarisha vita yenyewe. Jeshi liliposonga mbele, mabanda yaliachwa au kuchomwa moto, na masika mawili baadaye majani mapya yalikuwa yameota juu ya sakafu na juu ya makaburi.

Hii ndiyo sababu ni rahisi kuionyesha hospitali ya Ocean Road na ni vigumu kuionyesha hospitali ya mpagazi. Jiwe hubaki, na majani huoza. Atakayehesabu historia kwa kuta zilizosimama atadhani kwamba waliougua vitani walikuwa Wazungu peke yao.

Upande wa Wajerumani nao uliteseka. Walipokatiwa njia ya bahari walikosa dawa. Taasisi ya Amani, katika milima ya Usambara, ilitengeneza kwinini kutokana na magome ya mti wa sinkona. Baadaye, jeshi likiwa safarini, magome yalichemshwa na kutoa maji machungu mno, ambayo askari waliyapa kwa mzaha jina la kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck. Bandeji zilifumwa kwa magome ya miti. Mwezi Novemba 1917, katika nchi ya Makonde, Lettow-Vorbeck aliwaacha nyuma mamia ya wagonjwa na wadhaifu wachukuliwe na adui, kwa kuwa hakuwa na dawa wala chakula cha kuwatosha, akavuka mto Ruvuma kuingia nchi ya Wareno pamoja na wale walioweza kutembea.

Nitaje habari moja zaidi, kwa maana inatufundisha juu ya vibao. Katika bandari ya Dar es Salaam ilikuwako meli ya Kijerumani iliyoitwa Tabora. Ilipakwa rangi nyeupe, ikachorwa msalaba mwekundu na kutangazwa kuwa meli ya hospitali. Waingereza walilikataa dai hilo, na tarehe 23 Machi 1916 meli zao za kivita ziliizamisha. Waliosema kweli walikuwa nani, wanahistoria wanaweza kuendelea kujadili. Kwetu sisi fundisho ni kwamba alama ya hospitali ni neno la heshima, na mtu akiitilia shaka, wanaoumia ni wagonjwa. Basi nasi tusiandike "hapa palikuwa na hospitali" mahali ambapo hatuna hakika nalo.

Novemba 1918

Mwishoni mwa Septemba 1918 Lettow-Vorbeck alirudi kutoka nchi ya Wareno. Alipita Songea, akafika Ubena, nchi ya Njombe, ambako wamisionari wetu wa Berlin walikuwa wamefanya kazi. Wakati huo nimonia na homa kali ya mafua vilikuwa vimeingia katika safu zake. Huko Ubena alimwacha Jenerali Kurt Wahle, aliyekuwa mgonjwa, pamoja na wagonjwa wengine. Kisha akageukia magharibi, akapita nchi ya Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba akaishambulia Fife, upande wa pili wa mpaka wetu, karibu kabisa na Tunduma ya leo. Kutoka hapo aliingia ndani ya Rhodesia ya Kaskazini mpaka Kasama na mto Chambeshi.

Kule Ulaya vita ilisimama tarehe 11 Novemba. Huku kwetu habari zilichelewa. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha mjini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya dunia kuanza kusherehekea. Pamoja naye walikuwa Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168, na wapagazi na wafuasi wengine wengi. Vita iliyoanza katika mpaka huu Septemba 1914 ikamalizikia katika mpaka huu huu.

Kwa wananchi, lakini, haikuwa imekwisha. Homa ya mafua ya mwaka 1918 ilifuata njia zile zile za askari na wapagazi, ikaingia vijijini. Aliyerudi salama kutoka vitani aliweza kuleta mauti nyumbani bila kujua.

Kanisa nalo lilikuwa limebaki bila wachungaji wa Kizungu. Wamisionari Wajerumani, wa Berlin na wa Moravian, walikamatwa na kuhamishwa. Wascotland wa Livingstonia walisaidia kwa kadiri walivyoweza, hadi wamisionari wa Berlin walipoanza kurejea katikati ya miaka ya 1920. Katika kipindi hicho ibada, mafundisho ya ubatizo na mazishi viliendeshwa na walimu na wazee Waafrika. Ninalisema hili kwa sababu wale wanaoadhimishwa katika kitabu hiki kuwa waanzilishi walikuwa kizazi kilichotoka vitani. Walijua kuzika. Walijua pia uchungu wa kushindwa kuzika.

Habari ya nyumbani kwetu

Naomba msomaji aniwie radhi nikiingiza hapa jambo la ukoo wangu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa msichana mdogo wakati wa vita. Nilipokuwa shule ya msingi alinisimulia habari ya kaka yake mkubwa, aliyechukuliwa kubeba mizigo baada ya Waingereza kuingia. Alikwenda pamoja na vijana wengine kuelekea mashariki. Baada ya miezi mingi mmoja wao alirudi, miguu ikiwa imeliwa na funza, akasema kwamba alimwacha kaka yake bibi katika banda la wagonjwa, akiwa hai, akiomba maji. Zaidi ya hapo hakujua.

Neno lile, "akiwa hai", ndilo lililowatesa. Laiti yule kijana angalisema "amekufa", wazazi wangaliweka matanga, wangalilia, wangalinyoa nywele na kugawa vitu vyake. Hawakuweza kumlilia mtu ambaye huenda yu njiani. Bibi alisema kwamba mama yake aliliacha jembe la mwanawe limeegemezwa ukutani mwaka hadi mwaka, na kila msimu wa kulima alilipangusa vumbi. Matanga hayakuwekwa kamwe. Mama yule alifariki akiwa bado anasubiri.

Nilipokuwa chuo cha theolojia tulifundishwa mengi juu ya faraja kwa wafiwa. Nimezika watu wengi katika utumishi wangu, na ninakiri kwamba mafundisho yale yote huanza na jambo moja lililo dogo: kuna mwili, au walau kuna habari ya hakika. Mpagazi aliyefia katika banda la majani hakuacha mwili kwa ndugu zake, wala hakuacha habari.

Mawe yaliyowekwa

Mwaka 1917, vita ikiwa bado inaendelea, serikali ya Uingereza iliunda tume ya makaburi ya vita, iliyoahidi kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina, pasipo kubagua cheo wala dini. Katika makaburi ya Dar es Salaam na Iringa mtu anaweza kuyasoma majina hayo, yakiwa yamechongwa vizuri. Lakini katika Afrika Mashariki ahadi haikuwafikia wapagazi. Gavana wa kwanza wa Tanganyika, Sir Horace Byatt, alikuwa na maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Na ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1927 palisimamishwa mjini Dar es Salaam Sanamu ya Askari, tunayoijua sote. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawataja na wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Katika sanamu ya Nairobi mmoja wa watu watatu ni mpagazi. Hakuna jina la mtu hata moja juu yao. Labda ukumbusho mkubwa zaidi wa wapagazi haukukusudiwa kuwa ukumbusho: ni Kariakoo. Jina hilo limetokana na matamshi ya Kiingereza ya kikosi cha wapagazi, waliopiga kambi mahali pale. Kila siku maelfu ya watu hulitamka wakienda kununua vitambaa na vipuri, na wachache tu hujua kwamba wanawataja marehemu.

Msafiri atokaye Tunduma kuelekea kusini akifika kwenye daraja la mto Chambeshi atauona mnara mwingine. Huo unaadhimisha mahali ambapo Lettow-Vorbeck alipata habari ya kusimamishwa kwa vita. Unataja siku, tarehe na hata saa: Alhamisi, tarehe 14 Novemba 1918, saa moja na nusu asubuhi. Lettow-Vorbeck mwenyewe, katika kumbukumbu zake, anasema habari za kwanza zilimfikia siku iliyotangulia. Lakini hata tukiliacha hilo, fikirini, wapendwa: saa ambayo jenerali alipokea barua imechongwa katika jiwe, na mwaka aliokufa kaka yake bibi yangu haujulikani.

Dhamiri ya dunia imechelewa kuamka, lakini imeamka. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya uchunguzi juu yake yenyewe. Taarifa ilikiri kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000, Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Mwezi Januari 2025 ulizinduliwa mjini Cape Town ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi 1,772 wa vikosi vya kazi waliokufa katika vita ile barani Afrika, na kila mmoja ana nguzo yake ya mti yenye jina lake. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, hata baada ya miaka mia moja na zaidi.

Liandikwe nini?

Sasa nalirudia swali la Baraza la Wazee. Wapo waliopendekeza kwamba jiwe liseme kuwa hapa palikuwa na hospitali ya jeshi. Ninaielewa hamu hiyo. Kibao cha namna hiyo huvuta wageni, nasi tumeona jinsi Kimondo cha Mbozi kinavyowaleta watu kutoka mbali. Lakini kimondo kipo, mtu anaweza kukigusa. Jiwe letu haliwezi kuanza kazi yake kwa kudai mahali tusipoweza kupathibitisha. Ushahidi wa uongo juu ya marehemu ni ushahidi wa uongo, hata ukichongwa vizuri na kuwekwa wakfu na Askofu.

Pendekezo langu ni kwamba jiwe liwakumbuke watu, na wala si jengo. Liseme jambo tulilo na hakika nalo: kwamba kati ya mwaka 1914 na 1918 watu wa nchi hii, wa pande zote mbili za mpaka, walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, na kwamba wengi wao waliugua, wakafa mbali na nyumbani, wakazikwa mahali pasipojulikana. Liwataje wapagazi kwanza na askari baadaye, kwa kuwa katika mawe mengine mpango umekuwa kinyume chake. Lisibague Mkristo na asiye Mkristo, maana wengi wao walikufa kabla Injili haijafika vijijini mwao, na machozi ya mama zao yalikuwa machozi yale yale.

Kisha, kabla ya fundi kuitwa, kila mtaa wa Usharika uwe na daftari. Vijana wa kipaimara watumwe kwa wazee wa kila ukoo, waulize swali moja: je, katika ukoo huu yuko mtu aliyekwenda vitani asirudi? Jina liandikwe, na jina la yule aliyelisimulia, na tarehe ya kusimulia. Wazee waliosikia habari hizi kutoka kwa walioziona ni wachache, nao wanapungua kila mwaka. Mimi mwenyewe nimevuka miaka sitini, na bibi yangu hayupo tena wa kuulizwa. Jiwe linaweza kusubiri miaka mitano. Daftari haliwezi kusubiri hata mwaka mmoja. Majina yakipatikana matano, yachongwe matano. Yakipatikana mia, tutatafuta jiwe kubwa zaidi. Na nafasi iachwe wazi chini, kwa ajili ya yale yatakayokuja baadaye.

Msomaji atakuwa ameona kwamba sikulitaja jina la kaka yake bibi. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na ningeweza kumtanguliza mtu wa ukoo wangu mbele ya wengine kwa sababu tu mjukuu wa dada yake amekuwa mchungaji. Haikunipendeza kuwa hivyo. Jina lake nitalipeleka katika daftari la mtaa wetu siku litakapofunguliwa, liandikwe katika mstari wake pamoja na mengine, na mjumbe wa mtaa anipe zamu yangu.

Na siku jiwe litakapowekwa, nawaomba wazee waniruhusu jambo moja. Pamoja na ibada ya kuliweka wakfu, iwepo ibada ya mazishi, kamili, kwa utaratibu wa Kanisa letu: nyimbo, masomo, na udongo kurushwa mara tatu. Wapo watu ambao ndugu zao hawakupata kamwe kuwawekea matanga. Ukoo wangu ni mmojawapo. Tumesubiri zaidi ya miaka mia moja, na ningependa tuwalilie, kisha tuwaage.

Mungu wa amani aubariki Usharika wa Chitete katika karne yake ya pili.